Kanga Alipoanza na Ila

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na chungu jikoni.
Kina nini ndani?
Mfuniko unao wewe. Funua tuone.

Basi nafunua. Hapo kale, kale sana, wanyama waliishi juu ya Kilima Chumvi. Kilimani walichimba chumvi. Bondeni akina Ngiri walilima mtama. Kila mavuno wa kilimani waliteremka na chumvi, wakabadilishana, wakapanda na mtama.

Maghala yao yalikuwa matatu. Mawili ya chakula, la tatu la mbegu za kishamba chao cha kando ya kijito. Kabla ya mavuno walimtuma mmoja wao akautazame mtama wa bondeni. Ukiwa mzuri, waliila akiba yao kwa karamu, maana mpya unakuja.

Nao walikuwa na adabu zao. Mjumbe akirudi, mkuu wao, Mbogo, humwuliza, "Habari za bondeni?" Mjumbe, kama mtu aliyelelewa, hujibu, "Njema." Hapo Nungunungu hupiga ngoma. Na ngoma ikishalia, hakuna kusema tena. Ni kula, na mjumbe hupewa chungu cha kwanza.

Miaka mingi mtama ulikuwa mzuri, na adabu hiyo haikumdhuru mtu.

Mwaka huo akatumwa Kunguru. Akaruka, akafika, akaona. Nzige wamepita bondeni, yamebaki mabua. Akarudi.

"Kunguru, habari za bondeni?"

"Njema, ila..."

Ndu! Ngoma ikalia. Chungu kikaletwa. Kunguru akaimeza ile ila pamoja na tonge la kwanza. Ghala la kwanza likaliwa.

Wachukuzi wakateremka na chumvi. Wakapanda na chumvi ile ile.

Wachukuzi hawakuulizwa kitu, maana habari ni ya mjumbe peke yake. "Pengine tumewahi mno," akasema Mbogo. "Aende mwingine."

Akaenda Nyani. Akarudi upesi.

"Nyani, habari za bondeni?"

"Mkuu, mtama umemfunika twiga, unaona masikio tu. Njema!"

Ndu! Ghala la pili likaliwa. Wachukuzi wakateremka na chumvi. Wakapanda na chumvi ile ile.

Likabaki ghala la mbegu. Kanga alikuwa na vifaranga, na vifaranga walishaanza kulala bila kula. Aliwatazama, akajua kwamba mbegu zikiliwa, hakuna kupanda, na wasipopanda, hawa watoto hawatauona mwaka mwingine. Akaenda kwa Mbogo.

"Mkuu, nitume mimi."

"Wewe? Kuruka kwenyewe ni kwa kubahatisha."

"Miguu ninayo."

Akaenda kwa miguu. Bondeni akayaona mabua. Hakuishia hapo. Akamtafuta Ngiri, akamkuta anachimba viazi vitamu.

"Mama vifaranga," akasema Ngiri, "mtama ni mpaka mwakani. Chumvi yenu naitaka, lakini sina cha kuwapa."

"Na hayo marando ya viazi, hayo mashina yenye majani?"

"Haya? Haya tunatupa."

"Usitupe. Tutakupa chumvi, utupe marando tukapande."

Ngiri akacheka mpaka jembe likamtoka. Akampa rando moja akawaonyeshe wenzake.

Njiani Kanga akawaza. Nikisema "Njema, ila mtama hakuna," ngoma italia. Nikisema haraka haraka, ngoma ina haraka kunishinda. Akatembea, akawaza tena. Kisha akasimama katikati ya njia, akacheka peke yake.

Alipofika kilimani, mlango wa ghala la mbegu ulikuwa wazi. Vyungu vilikuwa jikoni, maji yanachemka.

"Kanga, habari za bondeni?"

Nungunungu akanyanyua mkono.

"Ila," akasema Kanga.

Mkono wa Nungunungu ukabaki juu.

"Ila nini?" akauliza Mbogo.

"Jamani, huyu hata salamu hajui," akasema Nyani. "Kalelewa na nani?"

"Nimelelewa na mama yangu, shemeji, akanifundisha kunawa kabla ya kula. Hii ila ndiyo maji ya kunawa. Mkuu, ngoma haijalia. Naweza kusema?"

Mbogo akamtazama Nungunungu. Kweli, ngoma ilikuwa haijalia.

"Sema."

"Niliyoyaona ni mabua. Alilosema Ngiri ni kwamba mtama ni mpaka mwakani, ila marando yapo, kama hili hapa, na chumvi anaitaka. Mvua siijui. Atakayewaambia anaijua, msimpe chungu."

Mbogo akageuka. "Kunguru, wewe uliona nini?"

"Mabua, mkuu. Nilisema ila, ngoma ikanifunika."

"Na wewe, Nyani?"

Nyani akajikuna.

"Nyayo zake zinaishia kwenye mkuyu wa njiani," akasema Kanga. "Makuyu aliyoyang'ata nusu bado yapo."

Wanyama wakacheka, kicheko chembamba cha wenye njaa. Mbogo hakucheka. Alikwenda mpaka ghala la mbegu, akalala mlangoni na mwili wake wote.

"Epueni vyungu," akasema.

Mbegu zikapandwa kando ya kijito. Chumvi ikateremshwa, marando yakapandishwa, na Nyani ndiye aliyeyabeba. Wakala matembele, ndiyo majani ya marando. Wakakonda, wakanung'unika, wakala tena matembele. Kisha wakala viazi. Hakuna aliyekufa, na mtama wa kijitoni ukasimama.

Mbogo akamwuliza Kanga mbele ya wote, "Habari za kijitoni?"

Nungunungu akanyanyua mkono, akangoja. Alikuwa amejifunza kungoja.

"Ila upande wa juu haujapaliliwa," akasema Kanga. "Ila ghala la mbegu lijazwe kwanza."

"Basi?"

Kanga akawatazama vifaranga wake, wamenenepa, wanakimbizana kwenye mabua.

"Basi, mkuu. Njema."

Ndu! Chungu cha kwanza kikaletwa kwake. Akakisukuma kwa wachukuzi. "Mleta habari ale mwisho," akasema, "tumbo lisimharakishe ulimi." Na mpaka leo kilimani kwao ndivyo ilivyo.

Wanangu, anayekuletea habari tamu anakushibisha leo. Anayekuletea habari kamili anakushibisha mwakani. Ukiuliza habari, ngoja mpaka ila iishe.

Chungu nilikifunua, kilichokuwamo mmekiona. Mwenye kijiko akombe. Mimi nafunika.