Firigisi ya Bi Nyamizi

Hadithi ninayo, jibu sina. Tegeni masikio, mnisaidie.

Pale Urambo palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Shija alizijua filamu zote za Milki ya Zohali, zile za vita vya angani zisizokwisha, hadi jina la mbwa wa mfalme. Maganga alikuwa mtafsiri wa banda la video: filamu inaongea Kizungu, yeye na maiki yake anaigeuza Kiswahili papo hapo, sauti zote zake. Na Tausi muuza vitumbua, kipaji chake kilikuwa kung'ang'ania. Akikushika mkono, umekwenda.

Jirani yao, Bi Nyamizi, alifiwa na mumewe. Eda ikaisha, lakini hakutoka ndani, hakucheka, wala hakuchinja kuku. "Nichinje, firigisi aile nani?" alisema. Maana firigisi ni moja, ni ya mwenye heshima, na haigawanywi.

Tausi akaenda akamshika mkono. "Shoga, twende bandani."

"Mimi na mambo ya angani wapi na wapi?"

"Hata mimi sijui kitu. Tutakuwa wajinga wawili."

Wakakaa benchi la mbele wakiulizana: huyu mwenye pembe ni nani, na mbona wanamkimbia?

Shija ndiye aliyechagua cha kuonyesha. Aliziacha filamu kubwa anazozipenda kufa, akaleta tamthilia iliyochipuka kutoka kwenye filamu hizo, ya fundi mzee ambaye kule kwenye filamu hupita tu na spana mkononi. Halafu akafanya gumu zaidi: alinyamaza. Kila Bi Nyamizi alipouliza, ulimi ulimwasha kueleza habari za vizazi saba. Akaumeza. "Wewe tazama tu, mama."

Yule fundi hakuwa msemaji. Kila jioni, ndani ya chombo chake, alipakua chakula sahani mbili, yake na ya mkewe aliyekufa, akala kimya. Maganga kimya hicho kikamshinda, akamtia sauti ya mzee wa Kinyamwezi: "Kula, mama watoto. Usipoitikia nitajua umenuna."

Maneno hayo hayakuwemo! Bi Nyamizi akacheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko. Hakuelewa nusu ya aliyoyaona, na aliyapenda yote.

Kesho yake akachinja jogoo, akawaita watatu wale jamvini. "Firigisi hii ni ya aliyenitoa ndani. Ni nani?"

"Mimi!" Tausi akadakia. "Ungekuwa bado umelala ndani unahesabu boriti."

"Ungemtoa, akasikia Kizungu kitupu, si angerudi kulala?" Maganga akauliza.

"Na mimi ningeleta zile filamu za vita," Shija akasema, "angekimbia hata hujashika maiki."

Bi Nyamizi akawatazama mmoja mmoja. "Jamani, mwenye pembe tu bado sijamjua, sembuse hili!"

Shija akafungua mdomo kumweleza. Tausi akamfinya.

Ndipo walipoona kuwa wao ni wanne, lakini sahani ni tano. Ya tano ilikuwa na wali, imewekwa pale alipozoea kukaa marehemu mumewe. Bi Nyamizi ameishika firigisi, na wali unapoa.

Swali hili nimelala nalo, nimeamka nalo, limenishinda. Je, wewe ungeiweka katika sahani ipi?