Mshale Mmoja na Madai Matatu

Hapo zamani, zamani za watu waliopima siku kwa kivuli cha mwamba, palikuwa na mji wa wakulima wa uwele. Sogeeni karibu. Nanyi mnaonong'ona huko nyuma acheni, maana nikimaliza nitauliza swali, na asiyesikiliza tutamjua.

Mji huo ulikuwa na mchezo uliopendwa kuliko ngoma na kuliko harusi. Mchezo wenyewe uliitwa Jicho. Mtemi aliagiza likatwe gurudumu la shina la mgomba, na katikati yake litobolewe tundu. Ngumi ya mtoto ilipita katika tundu hilo, ngumi ya mtu mzima ilikwama. Siku ya mchezo, mpiga mbiu wa Mtemi alipanda juu ya mwamba akaliachia gurudumu lishuke mteremko kuelekea mtoni. Mpigaji alisimama kando na upinde wake. Gurudumu likipita mbele yake, likibingirika, likirukaruka, apitishe mshale ndani ya tundu. Usiguse ukingo, usikwaruze, upite safi ukachome kichuguu cha upande wa pili.

Haya, nani kati yenu anaweza? Nilijua mtanyamaza.

Basi hawakucheza mtu mmoja mmoja, zilicheza nyumba. Kila nyumba ilileta mpigaji mmoja na mshale mmoja, na jamaa zake waliruhusiwa kumsaidia kwa lolote, ila mkono wa mtu usiliguse gurudumu. Na zawadi? Zawadi ilikuwa ombi. Mtu ambaye Jicho limepitika kwa kazi yake angesimama mbele ya Mtemi na kuomba jambo moja, lolote, na Mtemi asingeweza kukataa. Mtu mmoja, ombi moja.

Walicheza mwaka wa kwanza, Jicho halikupitika. Walicheza mwaka wa kumi, Jicho halikupitika. Ikafika miaka ishirini na minane, wazee wakazeeka na vijana wakaota mvi, na Jicho halikupitika.

Katika mji huo aliishi Minza, mke wa Nkwabi. Minza alikuwa na kaka yake mmoja tu, Malale, mrina asali. Mwaka mmoja moto wa Malale wa kufukuzia nyuki ulimponyoka, ukateketeza malisho yote ya Mtemi. Mtemi akamfukuza ng'ambo ya mto, akaapa kwamba hatavuka tena maishani mwake. Tangu hapo, kila siku ya mchezo Malale alikuja kwenye ukingo wa ng'ambo, akasimama peke yake, akatazama watu wake wakifurahi. Minza alimwona. Alimpungia mkono, naye akapunga. Sauti haikufika. Miaka minne Minza alikuwa akimtazama kaka yake anavyozeeka kwa mbali, na mwaka wa nne alimwona amekuja na fimbo ya kutembelea. Jambo hilo lilimuuma, nami sitalizungusha: lilimuuma usiku na mchana.

Lakini msidhani nyumba ile ilikuwa ya huzuni. Hakukuwa na nyumba yenye vicheko kama ile! Uwele ukishavunwa, kazi ikipungua, walicheza shabaha uani kutwa nzima. Walipanga matunda ya ndulele ya manjano juu ya magunzi ya mahindi, wakayadondosha moja moja. Walining'iniza kibuyu kibovu mtini wakakibembeza, mtu akapiga akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Nkwabi aliwakatia magurudumu madogo ya mgomba, akayabingirisha kutoka juu ya kichuguu. Kabula, binti yao, alipiga kwa upinde. Minza alipiga kwa kombeo, lile lile la kufukuzia ndege kwelea shambani, na jiwe lake lilikwenda alikolituma. Aliyeshindwa alizunguka ua akilia kama kanga, na Nkwabi alilia kama kanga mara nyingi hata majirani wakamzoea.

Na mwamuzi wa michezo yote alikuwa Bibi Ngolo, mama yake Nkwabi. Bibi aliketi kwenye kigoda, akaangalia gurudumu, na likifika mahali pake akapiga kelele, "Sasa!" Tatizo ni kwamba Bibi alikuwa mwongo. Mnajua utani wa bibi na mjukuu. Alimwita Kabula "mke mwenzangu," na kwa kuwa wake wenza hawapendani, alisema "Sasa!" kabla ya wakati, kitambo cha kupepesa jicho tu, ili Kabula akose na yeye acheke mpaka machozi yamtoke. Kabula alipokoma kukosa, ni kwa sababu alijifunza. Bibi akisema "Sasa," yeye alingoja pigo moja la moyo, ndipo akaachia.

Siku ya mchezo ikafika. Asubuhi Bibi alimshika Kabula mkono.

"Mke mwenzangu, leo sikutanii. Nikisema sasa, ni sasa."

"Nimesikia, Bibi," Kabula akajibu.

Nyumba ya kwanza ikapiga, mshale ukapita juu. Nyumba ya pili ikapiga, mshale ukanasa ukingoni. Ya tatu, ya sita, ya tisa, zote zilikosa. Jua likawa utosini ndipo ikaitwa nyumba ya Nkwabi.

Kabula akasimama mahali pa mpigaji. Bibi akaketi juu kidogo, penye kuona vizuri. Minza akasimama chini yake na kombeo mkononi, jiwe ndani yake, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoshika kikapu akienda shambani. Ng'ambo ya mto aliona kivuli cha mtu na fimbo.

Gurudumu likaachiwa. Lilishuka likinguruma. Kabula akavuta upinde, na wakati huo huo upepo ukainuka kutoka mtoni ukamjaza vumbi machoni. Hakuona kitu! Mshale uko kwenye upinde, ugwe umevutwa mpaka sikioni, na macho yamefumbwa.

"Sasa!" akapaza Bibi.

Na Bibi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa amesema kweli. Lakini neno lilipomtoka, gurudumu lilijikwaa kwenye jiwe. Likayumba. Likainama ubavu, linataka kulala chini. Minza aliliona. Akalenga, akazungusha kombeo, na jiwe likatoka likivuma, likapiga ukingo ule ulioinama. Gurudumu likasimama wima, likatulia mbele ya Kabula kana kwamba limeitwa jina.

Na Kabula, aliyezoea kudanganywa, alikuwa amengoja pigo moja la moyo. Akaachia.

Ndugu zangu, hakuna aliyeshangilia. Watu waliona mshale ukiingia upande huu wa gurudumu na kutokea upande ule, na gurudumu likaendelea na safari yake hadi kwenye mchanga wa mto, likalala. Mshale ulikuwa umesimama kwenye kichuguu, unatetemeka. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa hofu. Wazee walivua vilemba. Mtemi mwenyewe alishuka kwa miguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapitisha kidole ndani ya tundu, akazungusha taratibu. Hapakuwa na mkwaruzo. Kwenye ukingo palikuwa na alama moja tu, kishimo cha jiwe.

"Miaka ishirini na minane," akasema Mtemi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani nitakufa sijaona." Kisha akajikaza. "Nani amelipitisha Jicho? Asimame aombe."

Wakasimama watatu.

Nkwabi naye alitaka kusimama. "Na mimi nilichonga mshale," akasema.

"Baba Kabula, kaa," akasema Minza, na watu wakapata nafasi ya kucheka kidogo. Nkwabi akakaa.

"Semeni mmoja mmoja," akasema Mtemi. "Na kila mmoja ataje na ombi lake. Msikubaliane kwa huruma. Sitaki kujua nani anahitaji, nataka kujua nani amelipitisha."

Kabula akasema, "Mtemi, mshale ni wangu. Mkono ni wangu. Niliachia nikiwa sioni, na nilichagua mwenyewe wakati wa kuachia. Bibi alisema sasa, nami sikumtii. Kama ningemtii, ningechoma gurudumu lililoinama. Naomba niingie katika kikosi chako cha wawindaji, ambako hajaingia mwanamke. Wanaondoka mwezi huu, na kabla hawajarudi nitakuwa nimeolewa mbali."

Bibi Ngolo akasema, "Mtemi, huyu alikuwa kipofu. Bila sauti yangu angehesabu pigo la moyo kuanzia wapi? Na huko kungoja kwake, nani alimfundisha? Ni mimi, kwa utani wangu wa miaka yote. Nimemdanganya mara elfu ili apate mara moja. Ombi langu ni dogo. Mila yenu inasema mke huzikwa kwa mumewe. Mume wangu nilimpenda, lakini nataka kulala kando ya mama yangu, kule milima ya magharibi. Mchezo mwingine sidhani kama nitauona."

Minza akasimama mwisho.

"Mtemi, mwanangu alipiga bila kuona. Mama mkwe aliita, na wito wake haukufuatwa. Katika sisi watatu, mimi peke yangu niliona ninachokifanya, na nilichokusudia ndicho kilichotokea. Bila jiwe langu gurudumu lingekuwa limelala, na mshale ungepita juu ya mgomba uliokufa. Alama yangu hiyo hapo. Naomba kaka yangu avuke."

Mtemi akakunja uso aliposikia akitajwa mtu aliyemfukuza.

"Mama, wewe ulipiga gurudumu," Kabula akasema polepole. "Hukupiga tundu."

"Na wewe ulipiga giza, mwanangu."

"Nami nilisema kweli," akasema Bibi, "na ni kwenye kweli yangu mke mwenzangu alikoanzia kuhesabu. Msinitupe."

"Mama, hakuna anayekutupa," akasema Minza, akamshika mama mkwe wake bega. Na kwa kweli wote watatu walikuwa wakilia, maana kila mmoja alikuwa akivuta kamba ambayo mwisho wake umefungwa shingoni mwa mtu anayempenda.

Wazee wakajaribu. Mmoja akasema, mshale ndio mchezo. Wa pili akasema, jiwe ndilo lililosimamisha kilichokuwa kinaanguka. Wa tatu akasema, mafunzo huja kabla ya mkono. Wakabishana mpaka kivuli cha mwamba kikagusa maji. Mtemi aliliinua gurudumu mbele ya uso wake, akamtazama Kabula kupitia tundu lile. Akamtazama Bibi Ngolo. Akamtazama Minza. Kisha akaliteremsha, akawageukia watu wote waliokusanyika.

"Mimi nimeshindwa," akasema. "Semeni ninyi."

Minza hakuwatazama watu. Alitazama ng'ambo. Malale aliuona mshale ukipita, kwa umbali ule aliuona, lakini maneno hayakumfikia. Alichojua ni kwamba nyumba ya dada yake imelipitisha Jicho, na kwamba anayelipitisha hanyimwi kitu. Alikuwa ameitupa fimbo yake kwenye mchanga. Alikuwa ameingia mtoni, maji yakamfika magotini, na hapo akasimama, hasogei mbele wala harudi nyuma, anangoja kuitwa.

Bado amesimama, ndugu zangu, na maji ni ya baridi. Mtemi anawangoja ninyi. Aliyeachia mshale bila kuona, aliyesema kweli ikafaa kwa sababu haikuaminiwa, na aliyeokoa gurudumu lakini hakupiga tundu: je, nani alistahili?