Hodi ya Kujificha

Hodi ya kujificha hukaza komeo. Mmeisikia asubuhi, wajukuu zangu, mlipokuwa mkivishwa vizibao vya kijani mbele ya wazazi wenu, na tangu hapo mnaulizana kwa nini chuo cha ustawi wa jamii kiwafundishe habari za milango. Methali hii ilianza hivi.

Kitu cha kwanza alichokiona Ng'washi kilikuwa kidogo sana. Alikuwa akichungulia kwenye ufa wa mlango, kama alivyozoea kila aliposikia nyayo, akamwona mwanamke mgeni uani akisukumiza nguo ya kijani ndani ya mkoba. Aliisukumiza mpaka chini, akafunga zipu, akatazama nyuma, ndipo akaja mlangoni.

Kwa nini mtu afiche kitu kabla ya kubisha?

Ng'washi alikuwa mwanamke kijana, mwenye haya. Shule aliiacha darasa la tano. Mumewe alimkimbia mara tu alipomwona mtoto wao, Shija, kazaliwa na ualbino. Wakati ule, huko Usukumani, walikuwapo watu waliowawinda watoto wa namna hiyo kama digidigi. Basi Ng'washi akawaambia majirani kwamba mtoto kapelekwa kwa bibi yake, Shinyanga. Kumbe yumo ndani, anakua bila kuujua uwanja wa nyumba yao. Sasa sikio lake lilikuwa na kidonda kisichopona. Ng'washi alijua kwamba mtoto anahitaji hospitali, na alijua kwamba kumtoa nje ni kumwonyesha.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mgeni tu, mayu, mama yangu. Napita."

"Anayepita si apite?"

Sauti ya nje ikashuka. "Nimeambiwa hapa kuna mtoto. Nifungulie nimwone mara moja, watu wasije wakatuona."

Ng'washi akakaza komeo, akakokota kinu akakiegemeza mlangoni, akamsukuma Shija nyuma ya magunia ya mpunga na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Usilie, baba. Usilie."

Mlango ukatikisika. Hapo Ng'washi akapiga mwano, ule ukelele wa hatari ambao Msukuma akiusikia huacha hata tonge mkononi.

Wanaume wakaja mbio kutoka kwenye mashine ya kusaga, marungu mikononi, kope zimejaa unga. Wakamzingira mgeni.

"Huyu namjua!" alisema Maduhu, mwendesha mashine. "Kapita kwetu sasa hivi na kizibao cha kijani. Kiko wapi?"

"Kwenye mkoba, baba."

"Umekivulia nini?"

"Mlinicheka. Mlisema nimekwenda chuo kikuu kusomea umbeya, kazi yangu kuamulia mke na mume walionyimana mboga."

"Ee, tulikutania! Mtu mzima avue nguo ya kazi kwa sababu ya utani?"

"Mwongo huyo, kakiiba," mwingine alisema. "Kaja kutazama nyumba ya mwanamke asiye na mume." Rungu likainuka.

Ng'washi alirudisha jicho kwenye ufa. Upande wa shamba la mtama ulikuwa wazi. Mgeni angeweza kutimua mbio. Hakukimbia. Alikitoa kizibao kilichokunjamana, akakivaa, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja. Kisha akayapa marungu mgongo, akaukabili mlango.

"Mayu, naitwa Theopista. Ni mwanafunzi wa ustawi wa jamii. Tuliapa mbele ya walimu wetu kwamba tutaitaja kazi yetu kwenye kila mlango tutakaoubisha. Mimi nikaionea haya, nikaja kwako kama mwizi. Nisamehe, nimekutisha. Muuguzi aliyekuzalisha ndiye aliyenituma. Usinifungulie mpaka umuulize."

"Amekutuma nini?" Maduhu akauliza.

"Hilo ni la mwenye nyumba, baba."

"Sema, dada! Sema tukuachie."

"Sisemi."

"Utaumia, bwana wee!"

"Najua," Theopista alisema, na sasa alikuwa akilia. "Lakini si langu. Sisemi."

Ng'washi aliyasikia hayo yote kwenye ufa. Neno moja tu lingemwokoa yule binti. Angesema, humu ndani yumo mtoto mwenye ualbino, na marungu yangewekwa chini, na mji mzima ungejua kabla ya chakula cha mchana. Mwindaji hatunzi siri ya mtu mpaka kwenye kipigo. Akakisukuma kinu. Komeo likalia. Akatoka na kusimama kati ya mgeni na wanaume.

"Mdogo wangu," alisema, "nusura wakuue kwa ukelele wangu. Hodi ya kujificha hukaza komeo. Hii ya sasa ndiyo hodi."

Theopista alirudi chuoni na maneno hayo, na walimu hawakuyaacha yapotee. Ndiyo maana leo asubuhi kila mmoja wenu alisimamishwa nje ya ukumbi, akabisha, akalitaja jina lake na kazi yake, na aliyenong'ona akarudishwa abishe upya. Niliwasikia mkicheka. Chekeni tu, lakini kumbukeni kwamba nyuma ya mlango kuna mtu anayeogopa kuliko ninyi, naye hana cha kumwonyesha kama wewe ni wa heri ila kule kutokuionea haya kazi yako. Hodi ya kujificha hukaza komeo.

Na siku ile Ng'washi alikuwa hajamaliza. Aliwatazama majirani zake, akalisema jambo ambalo alikuwa hajapata kulitamka kwa sauti tangu alipojifungua:

"Shija hayuko Shinyanga. Yumo humu ndani. Ni mwanangu, ana ualbino, anaumwa, na mimi peke yangu siwezi tena."