Ujira wa Kula

“Pishi kumi za mtama? Kwa kula?”

Hapo zamani za kale sana, wanyama walipokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kukua, Bwana Nyati alisimama mlangoni kwake akifoka hivyo mpaka vumbi likatimka. Mbele yake, mikono kiunoni, alisimama Bi Panya. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Nyumbani wanawe walikuwa wakisubiri uji, na uji haupikwi kwa maneno.

“Ndiyo, kwa kula. Tulikubaliana, Mjomba Kifaru akisikia. Kula ndiyo kazi yangu.”

“Loo! Umeguguna mshipi wangu, ukaguguna ngoma nzima, tumbo limekujaa, halafu nikulipe! Kesho fisi naye atakuja kudai ujira wa kucheka!”

“Makombo si nilikurudishia yote? Ngoma mpya huwa mnaitengeneza kwa kitu gani? Kwa umande?”

Nyati akakohoa, maana hilo lilikuwa kweli.

Sasa sikilizeni, wanangu, niwaeleze nyumba yenyewe. Haikuwa ya miti na udongo. Ilikuwa seli, nyumba ndogo kuliko chembe ya unga, na miili yetu sote, yangu, yako na ya kuku wa jirani, imejengwa kwa nyumba za namna hiyo. Mwili hukua nyumba moja ikigawanyika kuwa mbili. Msiniulize nyati na kifaru walieneaje humo. Walienea.

Ndani mlikuwa na vibuyu vya mbegu, na mbegu hizo ndizo zilizojua kila kitu: pembe iote wapi, mkia uwe na urefu gani. Kila kibuyu kilikuwa na pacha wake, wamefungwa pamoja kwa kamba ngumu. Siku ya kugawanya nyumba, pacha mmoja huvutwa kwa kamba nyingine kwenda kwa Nyati, na mwenziwe kwenda kwa Kifaru, shemeji yake. Kisu cha kukata kamba ya mapacha kilikaa ndani ya ala, na ala ilifungwa kwa mshipi wa ngozi, asije mtu akakata mapema.

Kilichowaamsha wote ni ngoma ya Kifaru. Kila safari iliundwa mpya, ikawambwa kidogo kidogo, sauti ikapanda, hata siku ikianza kulia yenyewe, ndi! ndi! ndi!, miguu ya kila mtu humo inavuta bila kuambiwa.

Safari iliyopita Panya alikula mshipi, kisha akala ngoma. Alikula kilichopakwa chokaa tu, alama ya kwamba zamu yake imekwisha. Kingine hagusi, hata kinukie vipi.

“Kwa hiyo hunilipi?” akauliza.

“Sikulipi!”

“Haya. Kuanzia leo mimi nimefunga.”

“Funga! Funga mpaka ukauke kama kuni!” Nyati akacheka hadi pembe zikagonga dari. “Shemeji, umesikia? Sasa tutakaa na ngoma yetu milele!”

Panya akaenda zake, akakaa kizingitini, akaanza kusafisha kucha.

Siku ya kugawanya ikafika. Ndi! ndi! ndi! Nyati akavuta kamba zake upande huu, Kifaru akavuta zake upande ule. Vibuyu vikajipanga katikati, vikatetemeka, visiende popote.

“Kisu! Toa kisu!” Nyati akapiga kelele.

Kifaru akaukamata mshipi kwa meno, akavuta. Fundo likakaza. Nyati akaja na nguvu zake zote, hmmm! Fundo likakaza zaidi, likawa gumu kama jiwe.

“We Panya!” Nyati akaita, ulimi nje. “Njoo ule mshipi.”

“Nimefunga.”

“Fungua basi! Nitakulipa.”

“Pishi kumi?”

“Kumi, kumi! Upesi!”

Kifaru akaupaka mshipi chokaa. Panya akaja, akachungulia vibuyu, akaketi.

“Mbona huli?”

“Bado. Kile kibuyu cha pembeni hakijafungwa kamba ya upande wako. Nikila sasa, pacha wote wawili wataburutwa kwa Mjomba, na wewe utazaa nyati wasio na mkia. Ugomvi wetu ni wa mtama, Bwana Nyati. Kazi sitaiharibu.”

Nyati akakimbia kufunga kamba, huku akinung’unika. Ndipo Panya akatia jino. Kacha-kacha-kacha! Mshipi ukaisha, kisu kikachomoka, fyaa! Kamba za mapacha zikakatika, na vibuyu vikateleza srrr, huku na kule, sawasawa.

“Eh, mambo hayo!” Nyati akashangilia. “Haya, umekula, umeshiba. Nenda zako.”

“Na mtama?”

“Mtama gani?”

Panya alitaka kumwuma mguu. Akajizuia, maana alikuwa amekwisha kuyaona haya toka mapema. Akatabasamu. “Sawa. Kwa heri.” Akarudi kizingitini.

Ndi! ndi! ndi! Vibuyu vimefika, lakini miguu ya Nyati ilikuwa bado inavuta. Akataka kukaa, haikumruhusu. Akataka kuziba ukuta wa kati, wa kutenga nyumba mbili, akajikuta anacheza kinyumenyume kama mwali wa harusi.

“Nyamaza!” akaipiga ngoma teke. NDI! Ikalia maradufu. Kifaru akaitandika kwa pembe. NDIIII! Nyumba nzima ikatikisika.

“Mlipe, shemeji!” Kifaru akalia. “Mimi magoti yameisha! Ngoma hii ukiipiga ndiyo unaipa nguvu!”

“Panya, mama yangu, njoo uile ngoma! Nitakulipa baadaye!”

“Baadaye nimekwisha kuionja. Kila pishi moja, meno yangu mara moja. Anza kupima.”

Kifaru akaipaka ngoma chokaa. Nyati akapima mtama huku anaruka. Pishi moja, kacha! Ngoma ikapungua. Pishi nyingine, kacha! Ndi ikawa di, di ikawa ti. Kifaru akakaa chini, akashusha pumzi ya raha. Ukuta ukaanza kuzibika. Kwenye pishi ya tisa ngoma ilibaki kipande kama kucha, na Nyati akalirudisha gunia nyuma yake taratibu.

“Tisa zinatosha. Kasauti hako nitakavumilia.”

Tangu siku hiyo, wanangu, kila seli ya mnyama inao walaji kama Panya. Mshipi na ngoma humo ni protini. Zamu ya protini hizo ikiisha hutiwa alama, hutafunwa, na makombo yake hujenga protini mpya. Ndipo seli inagawanyika vizuri na kutulia. Anayevunja kwa wakati wake ni mjenzi kama wajenzi wengine.

Lakini kasauti kalikuwa bado kanalia, ti, ti, ti, na mguu mmoja wa nyuma wa Nyati ulikuwa bado unacheza. Panya akafuta sharubu.

“Pishi ya kumi, Bwana Nyati. Lete.”