Bangili Nyuma ya Mlango

Sogeeni wanangu, sogeeni na simu zenu, ila zizimeni sauti. Anayetafuna karanga ameze kwanza. Haya.

Palikuwa na somo mmoja, mfunda maharusi, huko Pangani, Bi Mwanamize, na kazi yake harusini ilikuwa kushika mlango wa chumba cha bibi harusi. Bwana harusi hapiti mpaka atoe ada ya kufunguliwa, na Bi Mwanamize alijua kumchezesha mtu kizingitini hadi kanzu ilowe jasho.

Ikafika harusi ya mjukuu wake mwenyewe, Maimuna. Binti hakulilia dhahabu. Alitaka jambo moja: atolewe ndani kwa wimbo wa marehemu Bi Zuena, dada yake Bi Mwanamize. Na sauti ile ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa Bi Mwanamize mtandaoni.

Siku yenyewe, pilau limeshabandikwa jikoni, ngoma zinakazwa uani, simu ikalia. Ujumbe: "Akaunti yako imefungwa. Lipa ada ifunguliwe. Usiiguse kabla ya kulipa, kila kitu kitafutika."

Dada yake afutike leo? Ada yenyewe wala hakuishangaa. Mlango kuwa na ada, nani ajuaye kuliko yeye? Akatuma.

Ukaja mwingine: "Bado ada ya uhakiki." Akatuma tena. Ukaja mwingine.

"Shoga," akasema jirani yake Saumu, kisu cha vitunguu mkononi, "huyu anakuchezea kama unavyowachezea waume za watu."

Bi Mwanamize akasema, "Lakini mimi, mtu akishatoa cha kwanza, humtikisia bangili za mkewe. Asikie kwamba yumo ndani."

"Basi mwambie naye atikise."

Akaandika: "Mwanangu, nimeshatoa. Niambie tu, dada yangu hufanya nini kabla hajaanza kuimba?"

Jibu likaja mbio: "Anasalimia watu, mama. Lipa haraka muda unaisha."

Bi Mwanamize akaiweka simu mapajani. "Hayumo ndani," akasema. "Huyu naye amesimama nje, kama mimi sasa."

"Sasa mlango kaushika nani?"

Bi Mwanamize akaishika tena simu. Akapiga bismillahi, akaubonyeza ukurasa wake.

Ukafunguka. Ulikuwa wazi tangu asubuhi, kama siku zote.

Bi Zuena akapiga chafya kubwa, kama alivyokuwa akifanya kila mara kabla ya kuimba, akajicheka, kisha akaanza. Vigelegele vikapaa hadi mtaa wa pili. Maimuna chumbani akalia mpaka wanja ukachuruzika, ikabidi apambwe upya, na bwana harusi akasubiri mlangoni akidhani bado anachezewa.

Bi Mwanamize alipokuja kufariki, Maimuna alirithi wimbo pamoja na chafya yake. Saumu alirithi kazi ya kushika milango na kutikisa bangili. Yule tapeli alirithi ujumbe mmoja wa mwisho kutoka kwa Bi Mwanamize, "Tikisa bangili nisikie," na mpaka leo hajaujibu.

Funzo: Ukiambiwa ukurasa wako umefungwa na ulipie, usitume hata senti, usukume mlango wako mwenyewe kwanza, na ukigoma, muulize mtu unayemjua kwa sura.