Mwaka Uliogongwa Kwenye Chuma

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, nitegeeni sikio kidogo. Kulikuwa na mama mmoja huko milimani Upareni, mjane, jina lake Nakiete. Tangu azaliwe, ukoo wa jirani yake ulikuwa haumsalimii. Wakikutana naye njiani wanageuza uso. Akifiwa hawaji, wakifiwa haendi. Mnaijua hali hiyo? Wengine hapa tunaiishi.

Sababu ilikuwa ya zamani. Katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, babu yake Nakiete alikuwa askari wa Mjerumani. Jirani huyo alikuwa Mzee Kiangi, na babu yake alikuwa mpagazi wa Waingereza, akapigwa risasi akiwa na mzigo kichwani. Watu wakasema aliyefyatua ni yule askari wa kijijini kwao, babu yake Nakiete, na bunduki ameificha nyumbani. Hakuna aliyeiona. Lakini maneno hayo yalirithishwa kama shamba, baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu.

Basi siku moja mafundi wakawa wanabadilisha bati za nyumba ya Nakiete, ile ile ya babu yake, na juu ya dari wakakuta kitu kirefu kimefungwa kwa ngozi. Kufungua, bunduki. Nakiete aliketi chini palepale. Maisha yake yote alikuwa amewaambia wanawe kwamba ni uzushi. Sasa awaambie nini? Angeweza kuitupa bondeni usiku, na mafundi angewaomba wanyamaze. Hakufanya hivyo. Alituma habari polisi, kisha akatuma habari kwa Mzee Kiangi, aje aone kwa macho yake.

Mzee alikuja na ukoo mzima. Polisi nao walikuja na bwana mmoja wa makumbusho, mjuzi wa silaha za kale. Yule bwana akaiweka mezani uani, akahakikisha haina risasi, akaanza kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta huku akiwaonyesha: huu mtutu, hiki kitako cha mbao, hii bolti inayosukuma risasi ndani. Watu walisogea wakaizunguka meza. Mzee Kiangi alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

Mjuzi akafika pale chuma kinapokutana na kitako. Akasugua taratibu. Pakatokea taji dogo, na chini yake herufi mbili za mfalme wa Uingereza, na chini yake mwaka. Akamwuliza Mzee Kiangi, babu yao alifariki lini?

Mzee Kiangi akajibu kwamba mwaka umechongwa kwenye jiwe la kaburi, na kila mtoto wa ukoo ameukariri. Elfu moja mia tisa kumi na tano.

"Mzee wangu," yule bwana akasema, "bunduki hii ni ya Kiingereza, yaelekea ilitekwa vitani, na hapa imeandikwa kumi na saba. Babu yenu alipokufa, hii ilikuwa bado haijatengenezwa."

Kijana mmoja wa ukoo akabisha, akasema labda chuma hicho kilibadilishwa baadaye. Mjuzi hakukasirika. Akamsogeza karibu, akamwonyesha namba iliyogongwa kwenye chuma kile kile chenye mwaka, kisha kwenye mtutu, akachomoa bolti, akamwonyesha namba iliyogongwa pale. Ni ile ile. Vyuma hivi vilizaliwa pamoja.

Wapendwa, jiwekeni mahali pa Nakiete. Umetukanwa tangu utotoni. Mama yako amezikwa na nusu ya kijiji tu. Na sasa chuma chenyewe kimekutetea mbele ya polisi na mashahidi. Wewe ungesema nini? Mimi najua ningesema nini, na si neno la kusemwa kanisani.

Wanawe walianza kunong'ona kwamba sasa waombwe radhi. Nakiete akawanyamazisha kwa mkono, akasogea hadi mbele ya Mzee Kiangi.

"Kaka," akasema, "hii haikumwua babu yenu. Kama babu yangu alimwua kwa nyingine, sijui, na hakuna wa kumwuliza. Ila mliondokewa na mtu, na nyumba yetu haikuja kuwapa pole, kwa sababu tuliogopa mngesema tumekiri. Poleni. Poleni sana."

Mashavu ya mzee yalikuwa yamelowa. "Tumepoa, dada," akasema. Kisha akaomba maji ya kunywa, na Nakiete akaenda kumletea mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ukoo ule kunywa maji katika nyumba ile.

Mmeona pale hadithi ilipogeukia? Chuma kilimaliza kesi, lakini hakikupatanisha mtu. Nakiete angeweza kushinda tu, akarudi ndani, na uadui ungebaki, umebadilisha tu mwenye kinyongo. Sisi tunangoja nini? Tunangoja ithibitike kwanza kwamba hatukukosa, ndipo tunyooshe mkono. Na ikithibitika, tunaukunja mkono uleule tukingoja kuombwa radhi! Ndugu yangu, kuna mlango mmoja unaupita kila siku ukigeuza uso. Unaujua. Leo ukitoka hapa, usiupite. Bisha hodi, uwape pole.