Doa la Utomvu

Wazee waliposema kuwa mficha uchi hazai, hawakuwa wakitania. Mwenye shida akiifunika kwa aibu, huwafungia mlango wale wale ambao wangemsaidia. Anayebisha na aende Ihembe, akamuulize Kantengwa.

Kantengwa alizaliwa Nkwenda katika familia yenye asili ya Rwanda, akaolewa na Mutalemwa wa Ihembe. Mama mkwe wake, Bibi Joviana, alikuwa mjane aliyeishi upande wa pili wa kibanja hicho hicho cha migomba. Aliwapa maharusi kochi la ngozi la marehemu mumewe. "Likalieni, wanangu," alisema. "Kiti kisichokaliwa huzeeka upesi." Kulitoa kulimuuma, na Kantengwa aliliona hilo machoni pake. Tangu siku hiyo akalitunza kochi lile kama mboni ya jicho lake.

Asubuhi moja mvua ilimkuta kibanjani akiwa na mkungu wa ndizi aliotoka kuukata. Alikimbia nao ndani, na kwa kuelemewa akautua kochini, mara moja tu. Maskini, utomvu haujui mara moja. Ulichuruzika juu ya ngozi, ukakauka, ukawa mweusi kama masizi. Kantengwa alitwaa maji, sabuni ya unga na brashi ya kufulia, akasugua hadi jasho likamtoka. Doa likatanuka, ngozi ikaparuzika. Mwisho akalifunika kwa kitambaa cha kufuma.

Sasa, kitambaa kile alikifuma Bibi Joviana mwenyewe, na hakuwahi kukipita asikinyooshe. Kwa hiyo Jumapili, Bibi alipopitia hapo akitoka kanisani, Kantengwa aliketi juu ya doa na kuganda.

"Shikamoo, mama," alisema pale pale alipokaa.

Huko kwao mkamwana humsalimu mama mkwe kwa kupiga magoti. Bibi Joviana alisubiri, magoti hayakuja. "Marahaba," alijibu kwa sauti ndogo, akaondoka bila kunywa chai. Jumapili iliyofuata mambo yakawa yale yale. Bibi alikwenda kulia peke yake jikoni kwake, kisha akamwita mwanawe.

"Mkeo ananidharau, Mutalemwa. Kwao hawakumfunza. Kama ni kiti cha baba yako kinachomvimbisha kichwa, nitakichukua."

Mutalemwa alimsihi mkewe amweleze kulikoni, lakini Kantengwa alitwaa jembe akatokea kibanjani. Aliogopa kuambiwa kuwa amepewa kumbukumbu ya marehemu akaiharibu, na kwamba kwao hawakumfunza. Hakujua kuwa hilo la pili lilikwisha kusemwa.

Siku Bibi Joviana alipokuja kuchukua kochi, Kantengwa aliinuka. Alipiga magoti, akavuta kitambaa, machozi yakamtiririka. "Nisamehe, mama. Ni hili nililokuwa nalikalia."

Bibi alilitazama doa, akamtazama mkamwana wake, akacheka hadi akajishika kiuno. "Ni utomvu tu? Mwanangu, mkono ukiingia utomvu unautoa kwa kitu gani?"

"Kwa mafuta, mama."

"Na hii si ngozi?"

Akaagiza samli na kitambaa laini. Waliketi sakafuni bega kwa bega, Bibi akipaka kidogo, akingoja, kisha akifuta taratibu kama anayemfuta mtoto uso. Weusi ukalegea na kutoka. Pale brashi ilipoparuza pakabaki kovu.

"Ungeniita siku ile ile, hata hili lisingekuwapo," alisema Bibi. Kisha akamwonyesha alama ya zamani kwenye mkono wa kochi. "Hii ni ya marehemu. Naye alitua mkungu hapa. Mwaka mzima akawa anaweka kofia yake juu yake, akidhani sijui."

Kantengwa alicheka huku bado analia. Bibi Joviana alimshika shavu kwa mkono ulionukia samli.

"Usinifiche jambo tena, mwanangu. Mimi nataka wajukuu, na mficha uchi hazai."